Joventut Badalona: mabingwa wa Ulaya wa 1994 walitoka wapi, na walienda wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari Tanga na ninafundisha timu ya vijana ya mpira wa kikapu. Nikiangalia orodha ya mabingwa wa Ulaya naona majina yaleyale: Real Madrid, CSKA Moscow, Maccabi Tel Aviv, Panathinaikos. Halafu mwaka 1994 nakuta Joventut Badalona, mara moja tu, hawaonekani tena. Badalona ni wapi? Walibahatisha? Na klabu hiyo bado ipo au ilishakufa?

Jibu: Mwalimu, niruhusu nianze na swali lako la pili, maana hilo ndilo linalonigusa zaidi. Hawakubahatisha hata kidogo. Timu iliyobeba kombe la Ulaya mwaka 1994 ilikuwa imecheza fainali hiyohiyo mwaka 1992. Ilikuwa imetwaa ubingwa wa Uhispania mara mbili mfululizo, 1991 na 1992, na kabla ya hapo ilikuwa imeshachukua Kombe la Korać, moja ya makombe ya Ulaya ya ngazi ya chini, mwaka 1990. Timu inayobahatisha haiwi na rekodi ya namna hiyo. Jina lake limeonekana mara moja tu kwenye orodha yako kwa sababu nyingine kabisa: Joventut ni klabu inayolea wachezaji, na wakishakomaa wenye fedha huja kuwachukua. Ukilishika hilo, historia yote ya klabu hii utaielewa.

Badalona ni mji wa pwani ya Uhispania ulio jirani na Barcelona upande wa kaskazini-mashariki, una watu zaidi ya 200,000, na treni ya metro ya Barcelona inafika mpaka huko. Ni mji wa viwanda na wafanyakazi. Ungetegemea kuona mji wa aina hiyo, jirani kabisa na Barcelona, umezama kwenye soka kama wengine wote. Badala yake Badalona ni mji wa kikapu. Mchezo huu ulishika mizizi Catalonia, jimbo lenye Barcelona na Badalona, miaka ya 1920, ukisukumwa na padri Eusebi Millán, ambaye aliufundisha kwa wanafunzi wa shule ya shirika lake mjini Barcelona. Klabu ya Laietà ilizaliwa hapo mwaka 1922. Badalona iliupokea kwa nguvu kuliko mji mwingine wowote. Joventut si klabu pekee ya kikapu mjini humo. Timu ya Cotonificio, kwa mfano, nayo ilicheza ligi kuu miaka ya 1970 na 1980, na humo ndimo kocha Aíto García Reneses alikojijengea jina kabla ya kwenda Barcelona. Huyo mkumbuke, tutakutana naye tena.

Joventut yenyewe ilianzishwa mwaka 1930 na vijana wa mtaani waliotaka chama chao cha michezo. Waliipa jina la Penya Spirit of Badalona kwa kuiga jina la ndege ya Charles Lindbergh, iliyovuka Atlantiki mwaka 1927 na kuwashangaza vijana wa dunia nzima. Mpaka leo mashabiki huiita la Penya tu, na ukisikia watangazaji wa Uhispania wakisema "wa kijani na weusi", ujue wanaizungumzia hiyo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ikachukua jina la Joventut, na mwaka 1948 ikashinda Kombe la Uhispania kwa mara ya kwanza.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1957 ikiwa na timu sita, Joventut ikiwa mojawapo. Kutoka mwaka huo hadi leo ni timu mbili tu ambazo hazijawahi kucheza nje ya ligi kuu: Real Madrid na Joventut. Barcelona wenyewe waliwahi kuteleza miaka ya 1960. Estudiantes ya Madrid, iliyokuwa ya tatu katika kundi hilo, ilishuka daraja mwaka 2021.

Sasa tazama mataji manne ya ligi ambayo Joventut inayo: 1967, 1978, 1991 na 1992. Ukiyasoma peke yake yanaonekana machache. Yasome pamoja na miaka iliyoyazunguka. Kuanzia 1960 hadi 1977, misimu kumi na minane, Real Madrid walitwaa ligi kila mwaka isipokuwa mmoja, na mwaka huo mmoja ni 1967, wa Joventut ya Nino Buscató. Baada ya hapo Madrid wakachukua mara kumi mfululizo, na aliyekuja kukata mnyororo huo mwaka 1978 alikuwa tena Joventut, safari hii akiwa na Josep Maria Margall, mpiga mashuti hodari ambaye baadaye alivaa medali ya fedha ya Olimpiki ya 1984. Miaka ya 1980 Barcelona nao wakajenga utawala wao, ligi nne mfululizo kutoka 1987 hadi 1990. Mwaka 1991 nani akawavua taji? Joventut, kwa kuwafunga Barcelona wenyewe michezo 3-1 kwenye fainali. Mwaka uliofuata wakawafunga Real Madrid 3-2. Sidhani kama kuna klabu nyingine Uhispania ambayo imewaharibia wakubwa sherehe namna hiyo kwa vizazi vitatu tofauti.

Kizazi cha 1990 ndicho unachokiulizia, na hapo nitakaa kidogo.

Mhimili wake alikuwa Jordi Villacampa, aliyeichezea timu ya wakubwa ya Joventut tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hadi alipostaafu 1997, bila kuichezea klabu nyingine yoyote. Jezi yake namba 8 haivaliwi tena. Pembeni yake walikuwa ndugu wawili, Rafa na Tomàs Jofresa, wote wachezeshaji: Rafa mtulivu, mwenye kupanga, Tomàs mwenye moto na haraka. Ndani kulikuwa na Ferran Martínez, mrefu mwenye mkono laini wa kurusha kutoka mbali, jambo lililokuwa adimu kwa warefu wa wakati ule, pamoja na Juan Antonio Morales. Halafu Wamarekani, ambao kwa kanuni za siku zile walikuwa wachache tu kwa kila timu, kwa hiyo ukikosea kuchagua mmoja msimu wote umeharibika. Joventut haikukosea kwa Corny Thompson. Hakuwa mtu wa mbwembwe. Alikuwa mzito, mwenye akili ya mchezo, anayejua asimame wapi. Kocha alikuwa Lolo Sainz, aliyetumia karibu maisha yake yote Real Madrid kabla ya kuja Badalona.

Timu hiyo ilifika Istanbul Aprili 1992 kwa mashindano ya timu nne za mwisho. Nusu fainali ikawatoa Estudiantes, Wahispania wenzao. Fainali ikawakutanisha na Partizan ya Belgrade, vijana watupu, ambao kwa sababu ya vita vya Yugoslavia walikuwa wamezuiwa kucheza nyumbani na karibu msimu mzima walitumia uwanja wa Fuenlabrada, kitongoji cha Madrid, kama kwao. Kocha wao alikuwa Željko Obradović, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameacha kucheza; huo ulikuwa msimu wake wa kwanza kwenye benchi.

Sekunde za mwisho, Tomàs Jofresa anapenya na kufunga: Joventut 70, Partizan 68. Partizan hawakuomba muda wa mapumziko. Aleksandar Djordjević akapokea mpira nyuma, akaukimbiza pembeni mwa uwanja, akaruka mwili ukiwa bado unakwenda mbele, akarusha kutoka nje ya mstari wa pointi tatu. Ukaingia. Sekunde chache tu zilikuwa zimebaki, na mchezo ukaisha 71-70. Nimeangalia shuti hilo mara nyingi kupita kiasi na bado naona jambo lilelile: Joventut hawakufanya kosa la wazi. Walikuwa na mtu mbele yake. Mkono ulikuwepo. Kuna siku mpinzani anafunga shuti ambalo ungefurahi kumwona akilirusha, na hakuna kocha awezaye kukufundisha ulizuie.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niiheshimu klabu hii. Sainz aliondoka mwaka 1993 kwenda kuifundisha timu ya taifa. Joventut ilihitaji kocha, na ikamchukua Obradović, mtu yuleyule aliyewaliza Istanbul. Wachezaji waliokuwa uwanjani siku ile, akina Villacampa, Jofresa wote wawili, Thompson, Martínez na Morales, wakakubali kufundishwa naye. Aliwaletea ulinzi wa kubana na mchezo wa polepole wa kuhesabu kila mpira.

Mwaka 1994, mjini Tel Aviv, nusu fainali mbili zilikuwa vita vya ndugu: Wagiriki kwa Wagiriki, Olympiacos na Panathinaikos, Wakatalunya kwa Wakatalunya, Joventut na Barcelona. Joventut waliwafunga Barcelona kwa pointi 14, 79-65. Kisha fainali na Olympiacos, iliyokuwa na Žarko Paspalj, Roy Tarpley aliyewahi kung'ara NBA, na Panagiotis Fasoulas chini ya kikapu. Kwa majina, Olympiacos walikuwa juu. Angalia matokeo: 59-57. Hiyo si alama ya mchezo mzuri kwa mtazamaji wa leo aliyezoea timu kufunga 90. Kila kikapu kilipiganiwa.

Olympiacos waliongoza 57-56, na zikiwa zimebaki takriban sekunde 18 mpira ukamfikia Corny Thompson nje ya mstari wa pointi tatu. Huyu ni mtu wa ndani, wa kugombea ribaundi. Akarusha, ikaingia, 59-57. Paspalj, ambaye alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano yale hata baada ya kushindwa, akapata mitupo huru sekunde za mwisho na hakuweza kusawazisha. Miaka miwili baada ya pointi tatu za mtu mwingine kuwanyima kombe, pointi tatu za mtu wao zikawapa. Walikuwa klabu ya kwanza ya Catalonia kutwaa ubingwa wa Ulaya wa kikapu. Barcelona walisubiri hadi 2003.

Mwalimu, ukitafuta video au magazeti ya zamani usichanganyikiwe na majina. Klabu za Uhispania hubeba jina la mfadhili mbele, na Joventut imebadilisha wengi. Mabingwa wa 1992 waliitwa Montigalà Joventut, wa Ulaya 1994 waliitwa 7up Joventut, na miaka ya 2000 utakuta DKV Joventut. Klabu ni ileile.

Sasa, kwa nini hawakurudia? Tazama kilichotokea miezi michache tu baada ya Tel Aviv. Obradović alichukuliwa na Real Madrid, na mwaka 1995 akashinda kombe hilohilo la Ulaya akiwa nao, tena dhidi ya Olympiacos haohao. Ferran Martínez akaenda Barcelona. Bingwa wa Ulaya alipoteza kocha na mrefu wake bora kabla hajamaliza kushangilia, na wote wawili walikwenda kwa wapinzani wake wa nyumbani. Mwishoni mwa 1995 ikaja hukumu ya Bosman, mahakama ya Ulaya ikafungua milango ya wachezaji kuhama, na klabu yenye faida ya kulea wenyeji ikajikuta inashindana na yeyote mwenye hundi kubwa zaidi. Walipata Kombe la Uhispania mwaka 1997 kwa kuifunga Cáceres mjini León, lakini zama zile zilikuwa zimefika mwisho.

Uwanja nao una historia yake. Olimpiki ya Barcelona ya 1992 iliwapa Badalona jumba jipya la ndani lenye nafasi ya watu zaidi ya 12,000, na michezo yote ya kikapu ya Olimpiki ilichezwa humo. Michael Jordan, Magic Johnson na Larry Bird walivaa dhahabu Badalona. Kwetu Waafrika kuna jambo kubwa zaidi lililotokea humo: Angola waliwafunga wenyeji Uhispania 83-63, katika uwanja wao wenyewe, mbele ya watu wao, timu ya Uhispania ikiwa na Villacampa na ndugu wote wawili Jofresa. Kipigo hicho kiliumaliza utawala wa kocha wao Antonio Díaz-Miguel uliodumu zaidi ya robo karne. Waonyeshe vijana wako mchezo huo kabla ya mwingine wowote wa Olimpiki ile. Baada ya michezo, Joventut walibaki na jumba hilo, kubwa mno kwa mji wao. Kutoka ukumbi wa Ausiàs March uliokuwa mdogo na wenye kelele, wakahamia mahali ambapo hata mashabiki wakiwa wengi, viti vitupu hubaki.

Timu ilisimama tena miaka ya 2000, na kwa njia ileile. Aíto, yule wa Cotonificio, alirudi Badalona mwaka 2003 na kuwakabidhi vijana mchezo. Rudy Fernández alitoka Mallorca. Ricky Rubio alitoka El Masnou, mji mdogo wa jirani, na Oktoba 2005 Aíto akamwingiza kwenye mchezo wa ligi kuu kabla hajatimiza miaka 15, mdogo kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kucheza ligi hiyo hadi wakati huo. Mwaka 2006 wakachukua kombe la FIBA la Ulaya kwa kuifunga Khimki ya Urusi. Mwaka 2008 wakachukua mawili: Kombe la Uhispania mjini Vitoria, 82-80 dhidi ya wenyeji Tau, kisha Kombe la ULEB, kombe la daraja la pili la Ulaya, mjini Torino, ambako waliifunga Girona 79-54. Kwenye fainali ya Olimpiki ya Beijing mwaka huohuo, dhidi ya Marekani, Rudy na Ricky walikuwa kwenye timu ya taifa na Aíto alikuwa kocha wao. Ricky alikuwa na miaka 17.

Halafu, kama ada. Rudy akaenda Portland ya NBA mwaka huohuo 2008. Aíto akaondoka. Ricky akauzwa Barcelona mwaka 2009. Christian Eyenga, kijana wa Kinshasa aliyelelewa humo, alichaguliwa na Cleveland mwisho wa raundi ya kwanza ya drafti ya NBA ya 2009, yaani zamu ya timu kuchagua vijana wapya. Kabla yao Raül López alikuwa ameondoka kwenda Real Madrid mwaka 2000, kisha Utah ya NBA. Ukiweka pamoja wote waliopita Badalona na kwenda kushinda kwingine, unapata timu ambayo ingetwaa Ulaya mara kadhaa.

Jambo la pili linalowafungia mlango ni muundo wa mashindano yenyewe. Zamani ukiwa bingwa wa nchi yako ulicheza kombe la Ulaya. Tangu mwaka 2000 kombe hilo, sasa EuroLeague, linaendeshwa na klabu zenyewe, na nafasi nyingi zimeshikwa kwa leseni za muda mrefu na klabu kubwa. Joventut waliicheza 2006-07 na 2008-09, na misimu mingine waliyocheza Ulaya wamekuwa kwenye makombe ya ngazi ya chini. Hata wakiwa na msimu mzuri nyumbani, njia waliyopita 1994 haipo tena kama ilivyokuwa. Hilo linanikera, nasema wazi. Mashindano ya Ulaya yanapoteza kitu kikubwa yanapomfungia nje mtu aliyelea nusu ya wachezaji wake.

Bado wapo? Wapo, ingawa walikaribia kuzama. Villacampa, aliyekuwa rais wa klabu tangu 1999, aliachia ngazi mwaka 2017 huku madeni yakiwa yamewakaba, na msimu wa 2017-18 walikuwa mkiani mwa ligi na hazina tupu kwa wakati mmoja. Manispaa na wawekezaji wapya waliiokoa klabu ofisini. Uwanjani waliokolewa na ushindi wa mwishoni mwa msimu, baada ya kumleta Muargentina Nicolás Laprovíttola. Msimu uliofuata alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Wewe ulishakisia alikokwenda baada ya hapo: Real Madrid.

Urais ulishikwa na Morales, yule mrefu wa fainali za 1992 na 1994. Mwaka 2020 alikuja Ante Tomić, Mkroatia aliyekuwa Barcelona, akawapa uzito chini ya kikapu kwa misimu kadhaa. Na mwaka 2025, baada ya miaka mingi NBA, ubingwa wa dunia wa 2019 na kipindi alichosimama kucheza ili kutunza afya yake ya akili, Ricky Rubio alisaini tena Joventut. Mmoja kati ya wote waliochukuliwa alirudi nyumbani.

Kwa timu yako ya vijana, ningeanza na fainali ya 1992 nzima, si shuti la Djordjević pekee, kisha ya 1994. Waambie wamfuate Rafa Jofresa wakati hana mpira, na miguu ya Thompson kabla mpira haujamfikia. Katika fainali ya pili wahesabu mara ambazo Olympiacos wanalazimika kurusha wakiwa wamebanwa, hasa dakika za mwisho. Ulinzi ule unaweza kufundishwa kwa vijana wa sekondari bila kuhitaji mtu mrefu hata mmoja.